Kipengele cha Tisa na Ukuta wa Endabash

Nimestaafu nikiwa na miaka ishirini na nane. Najua neno hilo litawaudhi baadhi yenu, kwa sababu mstaafu mnayemjua ana mvi, redio ya betri na malalamiko kuhusu mafao. Nimelifikiria kwa wiki mbili. Nikisema "nimeacha kazi" nitaonekana nina hasira, nikisema "nimeachishwa" nitaonekana nina kosa, na yote mawili ni kweli nusunusu. Kwa hiyo nimestaafu. Kazi yangu ilikuwa kupima majengo kama ni rafiki wa mazingira na kuyapa majani, yasiyozidi matano, kama hoteli zinavyopewa nyota.

Ninawaandikia ninyi mnaohitimu sasa, mtakaoletwa Karatu na kukabidhiwa fulana ya kijani, ubao wa kuandikia na fomu yenye vipengele thelathini. Fomu hiyo naijua, maana nilisaidia kuizaa. Kabla hamjaifungua, nataka mjue jinsi ilivyokaribia kubomoa nyumba nzuri kuliko zote nilizowahi kupima, na kwamba mstari uliotaka kuibomoa niliuandika mimi, kwa mwandiko mzuri.

Fomu ilikuja na bosi wetu, ambaye tulimwita Dokta. Aliipata katika mji mmoja wa joto kali, mbali na huku, ambako watu hulala na feni mbili. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuondoa jina la mji ule na kuandika Karatu. Ya pili ilikuwa "kuiboresha". Hakuna agizo la hatari zaidi ya hilo kwa mtu wa aina yangu. Nilikaa miezi mitatu nikiwaza kama jani litazame kushoto au kulia.

Kipengele cha tisa kiliuliza: "Je, kiyoyozi cha jengo kinatumia umeme kidogo?" Alama kumi. Ninyi mliokulia Dar es Salaam hamwezi kuona tatizo. Mwezi wa saba Karatu ni mwezi wa koti. Watoto huenda shule wakitoa moshi mdomoni, na mama wa chapati hapati shida ya wateja kwa sababu kila mtu anataka kusimama karibu na jiko lake. Nilikitazama kipengele kile nikaona hakikai sawa. Nikaanza kuwaza. Je, kama walioandika wanajua kitu ambacho mimi sikijui? Je, kama hali ya hewa itabadilika? Je, nikiuliza, Dokta hataona kwamba sikuielewa digrii yangu? Baada ya wiki nzima nikaamua kwamba walioandika wana akili kuliko mimi. Nikakiacha.

Likabaki swali la jengo lisilo na kiyoyozi. Kuacha nafasi tupu kungeleta maswali, na mimi naogopa maswali. Nikaandika chini ya ukurasa wa kwanza, kama kanuni ya jumla: "Kisichokuwepo kipewe sifuri." Dokta aliisoma akafurahi. "Fupi na haina mjadala," alisema. Nilitembea siku mbili nikiwa na furaha.

Sasa niwaambie habari za Fundi Bura, kwa sababu kila nilichojua cha maana nilikipata kwake. Aliajiriwa kama dereva wetu, lakini kabla ya hapo alikuwa fundi mwashi tangu ujana wake, akijenga kuanzia Mbulu hadi getini Ngorongoro. Katika majengo yote niliyopima nadhani robo yalikuwa na mkono wake, na hakusita kuniambia palipojificha ubovu.

Siku ya kwanza nilishuka garini na ubao wangu nikaanza kuandika mlangoni. Akaniita.

"Injinia, umeisalimia?"

"Nimemsalimia meneja, Fundi. Nimempa shikamoo kabisa."

"Nyumba, nimesema. Weka kiganja ukutani."

Nikaweka, huku nikiangalia kama kuna anayenicheka.

"Hapo ni asubuhi. Saa nane urudi uweke tena palepale. Ukuta ukikuunguza mchana na kukugandisha asubuhi, hiyo ni bati iliyovaa suti."

Hiyo andikeni. Andikeni na nyingine. Usimuulize meneja, muulize anayefanya usafi. Maji yanapoingia utaonyeshwa, wewe uliza yakitoka yanakwenda wapi. Zunguka nyuma ya jengo kabla hujanywa chai ya mbele, kwa sababu baada ya chai miguu huwa mizito na macho huwa mapole. Na tazama mbwa wa pale amelala wapi. Mbwa hana fomu, lakini hajawahi kulala mahali penye hewa mbaya.

Siku moja tulikwenda Piyaya, mwendo wa siku nzima, kwa sababu Dokta alitaka fomu ijaribiwe kwenye "majengo ya asili". Mwenye nyumba alikuwa mama wa makamo ambaye kila mtu pale alimwita Yeyo, yaani mama kwa Kimaasai. Nyumba yake ilikuwa ya fito, imekandikwa udongo na samadi ya ng'ombe, chini kiasi kwamba niliingia nikiwa nimeinama kama ninayeomba radhi. Ndani kulikuwa na joto tulivu wakati nje upepo ulitaka kuondoka na karatasi zangu.

"Jina la msanifu wa jengo?" niliuliza.

"Mimi."

"Na mkandarasi?"

"Mimi. Na dada yangu alinishikia fito."

"Likifikia mwisho wa matumizi, kuna mpango gani wa kutupa mabaki?"

Alimgeukia Fundi Bura. "Huyu mtoto anauliza nini?"

"Anauliza ukihama, nyumba utaitupa wapi."

"Kwani inatupwa? Inalala chini. Mvua mbili, tatu, inaota majani, mbuzi wanakula."

Nilihangaika namna ya kuliandika jibu hilo. Hakukuwa na mkataba wa kampuni ya taka. Kisichokuwepo kipewe sifuri. Kiyoyozi, sifuri. Taa zinazojizima zenyewe, sifuri, kwa sababu hazikuwepo taa za kujizima. Kuhusu ukuta, fomu ilikuwa na swali la "kinyesi cha wanyama ndani ya jengo", nami nilikiona kila upande. Yeyo alipata nusu jani. Nilimweleza kwa upole.

"Hilo jani," akasema, "ng'ombe anaweza kulila?"

"Hapana, Yeyo. Ni la kuchora."

"Basi chukua na ile nusu, usije ukapungukiwa njiani."

Fundi Bura alicheka tangu Piyaya mpaka tulipobadilisha tairi. Mimi sikucheka. Nilikuwa nikijiuliza kama inaruhusiwa kurudisha nusu jani ofisini, na linarudishwa kwa barua gani.

Wiki iliyofuata tulikuwa kwenye loji moja kubwa mlimani juu ya Karatu mjini. Sitaitaja. Mwaka wa kwanza ilikuwa imepata majani matatu. Meneja alitupokea amesimama wima kama anayesubiri wimbo wa taifa.

"Injinia, mlitupa sifuri kipengele cha tisa. Tumelifanyia kazi."

Akatuonyesha. Kila chumba kilikuwa na kiyoyozi kipya, cha aina ile inayotumia umeme kidogo. Fomu ilitaka pia kumbukumbu za matumizi ya kila mwezi, nazo zilikuwapo, zimepangwa katika faili. Nikaona aibu kuuliza, nikauliza: "Wageni wanaviwasha?"

"Wageni wanaomba blanketi la pili. Lakini kumbukumbu lazima ziwepo."

Nikakumbuka mafunzo, nikamfuata dada wa usafi ghorofani. Alikuwa amevaa sweta na kitenge juu ya sweta.

"Kila siku saa nne navitembeza saa nzima," aliniambia. "Halafu nafungua madirisha jua liingie, vyumba vipate moto tena. Dada, wewe ndiye uliyeleta hii kitu?"

Nilimwambia ni kamati. Mungu anisamehe.

Kwenye paa walikuwa wamepanda nyasi, juu ya zege. Hicho kilikuwa kipengele cha kumi na nne, nilichokiongeza mwenyewe: "Paa lililofunikwa na mimea." Nilikuwa najivunia. Wakati wa kiangazi nyasi zile zilimwagiliwa na boza lililopanda mlima mara mbili kwa wiki, likiwapita kina mama waliokuwa wanashuka na madumu kutafuta maji. Fundi Bura alizitazama kwa muda mrefu.

"Babu yangu alilala chini ya paa la udongo lenye nyasi," alisema. "Alichimba nyumba ubavuni mwa kilima, kama Wairaqw wa zamani wote. Wakaja watu wenye karatasi wakamwambia huo ni ushamba, aweke bati. Akaweka. Alikufa akilalamika kelele za mvua. Sasa wamekuja tena wenye karatasi."

"Mimi sikumwambia babu yako kitu, Fundi."

"Najua, mwanangu. Wewe umechelewa tu."

Loji ilipata majani matano. Nilijumlisha mara nne nikitumaini nimekosea. Sikuwa nimekosea.

Sasa twende kijijini Endabash. Mama Anjelina ni mjane, mkulima wa mahindi na mbaazi, na ana nyumba ya wageni ya vyumba vinne aliyoijenga na marehemu mumewe kwa matofali ya udongo yasiyochomwa. Kuta zake ni nene kuliko urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko. Maji ya mvua yanatoka kwenye gata hadi kwenye pipa kubwa, na wageni wakishaoga yanakwenda kwenye migomba. Ng'ombe wake mmoja wa maziwa, anayeitwa Malaika, ndiye anayepika chai ya wageni, kwa sababu samadi yake inaingia kwenye mtambo wa biogesi nyuma ya zizi. Nilipoweka kiganja ukutani asubuhi, na saa nane nikarudia, ilikuwa kama kumshika mtu asiye na homa.

Wageni wake walikuwa wanaletwa na kampuni moja ya utalii, wanafunzi na watafiti wasiopenda anasa. Kampuni ile ilikuwa imemwandikia kwamba kuanzia msimu ujao italaza wageni wake kwenye majengo yenye angalau majani matatu tu. Bila kampuni hiyo, vyumba vinne vya Endabash vingebaki kuwa ghala la mahindi. Mama Anjelina alinieleza haya akinimiminia maziwa, bila wasiwasi wowote. Kwake ilikuwa dhahiri kwamba mtu anayepima nyumba zisizoharibu mazingira amefika kwake kupumzika.

Alipata jani moja. Biogesi na pipa la maji vilimpa hilo moja. Kiyoyozi, sifuri. Taa za kujizima, sifuri. Paa la mimea, sifuri. Cheti cha kiwanda cha matofali, sifuri, kwa sababu kiwanda kilikuwa shimo lililo nyuma ya nyumba, ambalo sasa ni bwawa la bata.

Alisoma karatasi mara mbili. "Hiki cha tisa," alisema, "kina kumi. Nikikipata hicho na kile cha taa, nafika matatu?"

Nikakokotoa. Angefika.

"Basi nimeelewa," alisema. Mimi nilidhani ameelewa kwamba ni upuuzi.

Baada ya siku kumi Fundi Bura alinikuta ofisini. Hakukaa.

"Mama Anjelina anamuuza Malaika mnadani Jumamosi," alisema. "Anunue kiyoyozi. Na fundi wa umeme ameshaanza kutoboa ukuta."

Nikauliza swali la kijinga: "Akimuuza ng'ombe, biogesi itapata wapi samadi?"

"Hilo muulize aliyeandika fomu."

Kamati ya kupitisha fomu na majani ilikuwa inakutana siku ileile, Alhamisi, katika ukumbi wa loji yenye majani matano. Nakumbuka vizuri jinsi tulivyokaa. Nje kulikuwa na ukungu. Ndani kiyoyozi kilikuwa kinavuma. Wajumbe saba walikuwa wamevaa makoti, mmoja amejifunga shuka juu ya suti, na mwandishi wa kumbukumbu alikuwa anapuliza kalamu yake ili wino utoke. Mjumbe mmoja aliomba kizimwe. Meneja akajibu kwa heshima kwamba wiki hiyo walikuwa nyuma kwenye kumbukumbu za matumizi, na wasingependa kuiangusha kamati.

Nilikuwa nimeandaa hotuba. Kwa kweli nilikuwa nimeandaa hotuba tatu: ya kitaalamu, ya unyenyekevu, na ya kuomba likizo. Nikasimama, zote zikanitoka. Nikasema, "Dokta, naomba tubadilishe kanuni ya ukurasa wa kwanza. Jengo lisilohitaji kitu lisinyimwe alama kwa kutokuwa nacho."

Dokta hakuwa mtu mbaya. Alinijibu taratibu, mikono ikiwa kwapani. "Tukibadilisha leo, majani yote tuliyokwisha kutoa yatahojiwa. Umefikiria hilo?"

"Nimefikiria, Dokta."

"Na nani aliandika kanuni hiyo?"

"Mimi."

"Basi unajua ilivyo nzuri."

"Dokta, hata sisi hapa tunaganda."

Watu walicheka kidogo, wakaacha, kwa sababu kucheka kunafungua koti. Dokta akasema kanuni ikishapitishwa si mali ya aliyeiandika, na tukaendelea na ajenda ya rangi ya fulana.

Nilikaa. Nikawaza yote ambayo huwa nawaza: mkataba wangu, barua ya onyo, wazazi wangu watasema nini dukani kwao wateja wakiuliza binti yuko wapi. Safari hii nilifika mwisho wa mawazo mapema, kwa sababu Jumamosi ilikuwa keshokutwa. Nikatoa kwenye mkoba fomu ya Mama Anjelina. Kipengele cha tisa, nikakata sifuri, nikaandika: "Hakihitajiki. Kumi." Cha taa hivyohivyo, kwa kuwa mwenye nyumba anazizima kwa mkono wake kila akipita. Cha paa, kwa kuwa paa lake linavuna mvua. Nikajumlisha, yakatoka majani manne. Nikasaini na kumpelekea Dokta mbele ya wote.

Alisoma. "Hii siwezi kuipokea," alisema akinirudishia. "Na aliyeiandika siwezi kubaki naye."

Hivyo ndivyo nilivyostaafu. Hapakuwa na keki.

Fundi Bura alikuwa nje kwenye gari. Aliniuliza kama kikao kimekwisha, nikamwambia kimekwisha kwa upande wangu. Akawasha gari kuelekea Endabash bila kuuliza zaidi.

Tulikuta tundu tayari. Lilikuwa la ukubwa wa dirisha dogo, katika ukuta wa chumba cha kwanza, na upepo ulikuwa unaingia pale kama umeitwa. Mama Anjelina alikuwa amesimama na ufagio, anafagia udongo mkavu uliodondoka, kidogo kidogo, kama mtu anayekusanya unga uliomwagika. Zizini Malaika alikuwa ameshaoshwa kwa ajili ya mnada.

"Mama, shikamoo," nilisema. "Usiuze. Nilikosea."

"Marahaba. Ulikosea kujumlisha?"

"Nilikosea kuuliza."

Alinitazama muda wa kutosha mimi kujutia maisha yangu yote kwa mpangilio. Kisha akamtazama Fundi Bura. "Samadi iko pale," akamwambia. "Majani makavu yako ghalani. Na huyu asisimame bure."

Tukachimba shimo dogo, tukakanda humo udongo, samadi na majani makavu kwa miguu. Nawaambia ninyi wenye digrii, hakuna maabara iliyonifundisha kama lile shimo. Mchanganyiko ukishika kidoleni lakini usiache alama ukiubana, umeiva. Ukuta wa zamani unyunyiziwe maji kwanza, la sivyo utakunywa maji ya udongo mpya na kiraka kitaachia. Tulijaza tundu kwa matabaka, na lilichukua wiki mbili kukauka. Siku zote hizo nilikuwa nakwenda kuligusa, mpaka Mama akaniambia ukuta nao unataka kupumzika.

Kampuni ya utalii ilituma mtu wake kabla ya msimu, akakague. Alikuwa amelala siku iliyotangulia kwenye loji ya majani matano. Alifika Endabash na mafua. Mama Anjelina hakuwa na bango la majani la kumwonyesha, akamwonyesha ile fomu niliyokata sifuri zake nikamwachia, na chumba cha kwanza. Yule mgeni alilala mpaka jua likawa juu sana. Alipoamka aliomba maziwa, na baada ya maziwa akaomba kalenda wapange msimu.

Sasa sikilizeni sehemu inayowahusu ninyi. Mwaka uliofuata Dokta aliiboresha fomu. Mbele ya kila kipengele kuna kisanduku cha tatu, kimeandikwa "Hakihitajiki", na ukikiwekea alama jengo linapata kumi. Ni neno langu. Nilipoiona nililia kidogo, nikadhani nimeshinda. Mama Anjelina alipimwa upya, akapata majani manne na bango la kupigilia. Ukuta wa udongo haupendi misumari, kwa hiyo amelitumia kufunikia pipa la maji ya mvua, na linafaa sana.

Halafu Fundi Bura akaniletea fomu mpya ya ile loji ya mlimani. Miti ya asili: hakihitajiki. Kusafisha maji machafu: hakihitajiki. Kuwapa majirani maji: hakihitajiki. Majani matano.

Kwa hiyo mkija, msinilaumu kwa kisanduku hicho, au mnilaumu, mimi nimeshazoea kujilaumu na nitawasaidia. Lakini kila mtakapokiona kimewekewa alama, ulizeni nani amesema hakihitajiki, na mwende mkamtafute yule ambaye hakuulizwa. Mara nyingi amevaa sweta au amebeba dumu.

Mwezi uliopita walikuja Endabash wanafunzi wawili wa mafunzo kwa vitendo, na fulana zao za kijani. Mimi nilikuwa nyuma nafyatua matofali ya chumba cha tano. Niliwasikia wakimuuliza Mama Anjelina kile kiraka cha rangi tofauti ukutani ni cha nini, na kiandikwe katika kipengele gani. Hakuwasimulia. Aliwaambia waweke kiganja juu ya kiraka, na kingine kwenye ukuta wa zamani.

"Kuna tofauti?"

Walibadilisha viganja. Kisha mmoja akasema, "Hapana, Mama."

"Haya. Na saa nane mrudi mweke tena," alisema. "Kalamu ziacheni hapo mezani, hazitaibiwa."